Itengee Benki Kivinjari Chake

Mtu anayetumia kivinjari kimoja kwa kila jambo, kuanzia habari na michezo hadi akaunti ya benki, anaiweka akaunti hiyo karibu na hatari zote anazokutana nazo mtandaoni. Kwa maoni yangu, hatua yenye manufaa kuliko zote ni kuitengea benki kivinjari chake, au angalau wasifu wake (profile, yaani sehemu iliyotengwa yenye mipangilio yake) ndani ya Chrome, Edge au Firefox, usiotumika kwa shughuli nyingine yoyote.

Katika wasifu huo usiweke kiendelezi chochote (extension, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari), isipokuwa kidhibiti cha manenosiri unachokiamini, yaani programu inayohifadhi manenosiri yako na kuyajaza kwenye tovuti husika tu. Viendelezi vingi huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data katika kila tovuti unayoitembelea, na ukurasa wa benki haubaguliwi: salio, nambari ya akaunti, hata nenosiri unapoliandika, vyote huweza kuonekana. Aidha, kiendelezi kilichoanza kwa nia njema huweza kuuzwa kwa mtu mwingine, na sasisho linalofuata likaingiza msimbo hasidi bila wewe kuulizwa, kwa kuwa ruhusa ulikwisha kuitoa.

Andika mwenyewe anwani ya tovuti kama ilivyo kwenye nyaraka ulizopewa na benki, uihifadhi kuwa alamisho (bookmark), na tangu hapo uingie kwa alamisho hiyo tu. Usipitie matokeo ya utafutaji, ambako matapeli huweza kununua tangazo, wala kiungo cha barua pepe au SMS.

Wengi bado huambiwa watazame alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti. Alama hiyo ilithibitisha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa, yaani hayasomeki na mtu mwingine njiani. Haikusema mwenye tovuti ni nani, na tovuti za ulaghai nazo hupata bila malipo vyeti vya kidijitali vinavyowezesha usimbaji huo. Chrome iliibadilisha mwaka 2023 kwa sababu ilikuwa ikiwapotosha watu. Kidhibiti cha manenosiri ni mlinzi bora zaidi: kikikataa kujaza nenosiri mahali ulipozoea kujaziwa, simama na uichunguze anwani kabla ya kuandika chochote.

Ruhusu masasisho ya kivinjari, kisha ukifunge na kukifungua upya ili yaanze kufanya kazi.

Hata hivyo, kompyuta yenyewe ikiambukizwa, hatua hizi hazitoshi. Programu hasidi ya Zeus, iliyojulikana tangu 2007, iliweza kubadilisha kurasa za benki ndani ya kivinjari, mbele ya macho ya mteja. Kwa hiyo, benki inapotuma ombi la uthibitisho kwenye simu, soma kiasi na jina la mpokeaji hapo hapo kwenye simu kabla ya kuidhinisha.