Kiangaza Mbele: Jinsi ya Kutia Dokezo Katika Hadithi

Kiangaza mbele ni dokezo analolitia mwandishi mapema, ili tukio litakapofika limshtue msomaji na papo hapo limkumbushe kwamba alikuwa ameonyeshwa.

Anza na mwisho, kwani usipojua chombo cha nani kitapotea hutajua kamba ya nani uionyeshe. Tuseme hadithi yako iko Mji wa Kale, Mombasa, na mwishoni mashua ya Mzee Shee itakatika amari, yaani kamba ya nanga, usiku wa bamvua na kuchukuliwa na maji, mjukuu wake akiwa amelala ndani. Sharti basi amari ionekane mapema. Lakini ukiandika kwamba ilikuwa imechakaa na mzee aliitazama kwa wasiwasi, umekwisha kuisimulia hadithi nzima. Ipe kazi nyingine: mjukuu achomoe nyuzi zake zilizofumuka afungie kishada cha kurusha angani, babu amkaripie kwa kuchelewa chuoni, kisha mazungumzo yageukie kahawa. Msomaji atashika kishada na ukali wa babu, na zile nyuzi zitamwingia bila mwenyewe kujua.

Bamvua nayo haina haja ya kutajwa. Maji hujaa kupita kawaida karibu na siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, kwa hiyo yatosha watoto wapande darini kuutafuta mwezi wa Idi. Mvuvi akisoma hapo ataingiwa na hofu, ilhali msomaji wa bara atashangilia Idi pamoja na watoto, na wote wawili wamesoma sentensi ile ile. Dokezo la namna hii, linalojificha ndani ya furaha, ndilo nilipendalo zaidi.

Bundi mwache. Niliwahi kumliza mara tatu katika ukurasa wa kwanza, na shangazi niliyekuwa nikimsomea akaniuliza, "Haya, na huyo atakayekufa ni nani?" kabla sijafungua wa pili. Ndoto hufaa iwapo tu mwotaji mwenyewe ameifasiri vibaya.

Rasimu ikikamilika, mpe mtu aisome na umsimamishe katikati, umuulize anatarajia nini. Akitaja mashua, punguza nyuzi. Akifika mwisho, kisha akarudi mwenyewe kurasa za nyuma kukitafuta kile kishada, usiguse neno.