Kabla Hujakabidhiwa Funguo za Jengo: Mambo ya Kuzingatia kwa Fundi wa Mitambo Mombasa

Tangazo la kazi husema "mhandisi wa uendeshaji wa jengo". Ukifika unaambiwa wewe ndiwe fundi wa stima, fundi wa maji, fundi wa AC na mtu wa kupigiwa simu lifti ikikwama. Nimeifanya kazi hii miaka mingi katika majengo ya ofisi na maduka, kisiwani na ng'ambo ya Nyali, na naipenda. Vijana hunijia wakiuliza wasome nini. Kusoma kupo, lakini kinachomponza fundi mgeni mara nyingi si mashine asiyoijua. Ni jengo asilolijua, na mji huu wenye chumvi hewani na chumvi ardhini. Hayo hujifunzwa mapema, siku ambazo hakuna kilichoharibika.

Karatasi kwanza, kwa kuwa habari yake ni fupi. Diploma ya mitambo au ya umeme kutoka Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au ile politekniki ya kitaifa ya Pwani hukufungulia mlango. Aliyejifunzia kazi mikononi mwa fundi atafute vyeti vya majaribio ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia gredi ya 3 hadi ya 1. Kazi ya kuunganisha nyaya za umeme inataka leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia mambo ya kawi. Na neno "mhandisi" lichukulie kwa uzito: Sheria ya Wahandisi ya 2011 inalilinda, na hulitumii kwenye saini yako mpaka usajiliwe na Bodi ya Wahandisi. Mafundi sanifu nao wana bodi yao, chini ya sheria ya 2016. Nimeona ripoti ya mitambo ikirudishwa kwa sababu aliyeitia saini alijipa cheo ambacho si chake, na kazi yenyewe aliifanya vizuri.

Wiki ya kwanza usikimbilie kufungua kitu. Tembea. Chukua daftari, kalamu ya wino usiofutika na vibao vidogo vya plastiki vya kufungia kwa waya, uanze chini kwenye tangi la ardhini umalizie juu ya paa. Kila valvu iandike inafunga nini, kisha izungushe kidogo uone kama ingali hai. Mwarifu meneja kabla, maana valvu ya zamani huweza kuanza kuvuja ikiguswa. Lakini heri ivuje leo saa nne asubuhi ukiwa umesimama hapo na spana mkononi kuliko kugundua imeshikana siku bomba limepasuka juu ya bodi ya umeme. Lebo za bodi za umeme usiziamini mpaka uzihakikishe. Breka iliyoandikwa ghorofa ya tatu huenda inalisha duka la ghorofa ya kwanza, kwa sababu ukuta ulibomolewa zamani na mtu akaunganisha pale palipokuwa karibu.

Halafu waulize watu ambao hawamo kwenye michoro. Katika jengo moja nilipokuwa mgeni, nilimwamkia mama wa usafi kwenye ngazi za nyuma, akaniambia, "Fundi, ile ndoo pale juu mimi huimwaga kila asubuhi." Nikadhani anazungumzia maji ya deki. Nilipopanda naye nikaikuta ndoo chini ya dari yenye duara la rangi ya chai, na tone likianguka. Nikahesabu, moja kila sekunde nne. Juu ya ile dari, mrija wa kutolea maji ya AC ulikuwa umeziba kwa ute wa kijani, na maji yamejipatia njia kando ya bomba la nyaya za umeme. Mama yule alikuwa akiimwaga ndoo kwa miezi minane. Hakuna aliyemwuliza. Mlinzi wa usiku naye anajua jambo ambalo hutaliona mchana: pampu inawaka mara ngapi jengo likiwa halina mtu. Ikiwa inawaka kila baada ya dakika kumi saa nane ya usiku, maji yanaenda mahali.

Sasa chumvi. Upepo wa baharini unakuja nayo, na vitu vilivyo juu ya paa ndivyo vinavyoipokea. Sehemu ya nje ya AC ina mapezi membamba ya alumini yaliyoshikana na mirija ya shaba, na madini haya mawili yakilowa maji ya chumvi, alumini huliwa. Nimeshawahi kuyashika mapezi ya mashine ya miaka minne yakavunjika kati ya vidole kama bisikuti. Kompresa, ile pampu inayoisukuma gesi ya kupoza, huwa nzima bado, lakini joto halina pa kutokea, shinikizo linapanda, mashine inajizima adhuhuri ya mwezi wa Februari wakati kaskazi imetulia na kila mpangaji yuko kwenye simu anakutafuta. Kwa hiyo kabla hujakubali kazi, omba upelekwe juu ya paa. Paa likikuonyesha mashine zimeoza, uliza bajeti ya kuzibadilisha ikoje, na uliza zinatumia gesi gani. Zikiwa ni za R-22, fahamu kwamba gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal umezipa nchi zinazoendelea hadi 2030 kuiondoa, ikibaki akiba ndogo tu ya kuhudumia mashine kuukuu. Gesi hiyo itazidi kuadimika mikononi mwako.

Dawa ya chumvi ni kuosha kwa maji matamu mara kwa mara, kwa mpira wa kawaida, maana pampu ya nguvu hulaza mapezi. Nasisitiza maji matamu. Kijana mmoja tuliyefanya kazi pamoja aliosha mashine sita kwa bidii ya kusifika, nami sikuwa nimemwambia ule mfereji wa juu ya paa unatoa maji ya kisima. Zilipokauka zikavaa ukungu mweupe. Nikapitisha kidole, nikakionja: chumvi. Tulizirudia zote siku hiyo hiyo kwa mitungi ya lita 20, tukiipandisha kwa ngazi. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo kila mfereji katika jengo ninaloshika una kibao: matamu, au chumvi.

Hapo ndipo unapoona kwamba Mombasa maji ni nusu ya kazi. Kisiwa chetu kimekaa juu ya matumbawe, visima vyake vingi vina chumvi, na maji matamu yanatoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, Baricho kando ya mto Sabaki, na Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yanakuja kwa mgao. Jengo la biashara kwa hiyo linaishi kwa tangi lake, na swali la kwanza ni tangi linatosha siku ngapi. Usikisie. Soma mita saa ile ile kwa siku saba mfululizo. Tangi la lita 60,000 katika jengo linalotumia lita 18,000 kwa siku linakupa siku tatu na saa chache, basi gari la maji unaliagiza tangi likiwa limebaki nusu, si siku mifereji imekauka, kwa sababu siku hiyo majengo yote ya mtaa yanaliagiza. Hakikisha pia laini ya kisima, ambayo kwa kawaida ni ya vyooni, haikuunganishwa popote na laini ya kunywa. Na ujue saa za jengo lako. Penye chumba cha swala, maji hushuka ghafla kabla ya adhuhuri na alasiri watu wakitawadha, na Ijumaa zaidi. Fundi anayefunga pampu kwa matengenezo saa sita na nusu ya Ijumaa hajaujua mji.

Tangi la chini ya ardhi linataka nilizungumzie peke yake, maana linaua. Linapoingiwa kusafishwa, watu hutaka kulikausha haraka na kuna anayeshusha ndani pampu ndogo ya petroli. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, na shimo lile halina upepo. Wa kwanza anaanguka, wa pili anaingia kumwokoa, naye anaanguka. Pampu ya injini ibaki nje, mbali na mlango wa tangi, au tumia ya umeme ya kuzamisha na umeme wake ukatwe kabla mtu hajatia mguu majini. Feni ipulize hewa ndani, mtu mmoja asimame mlangoni asiondoke, na anayeshuka awe na kamba mwilini ya kumvuta. Usimwache mtu yeyote akuharakishe hapa, hata akiwa mwenye jengo.

Upande wa stima, jengo kubwa linapokea fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye moto, volti 415 kati ya fezi na fezi, na mambo mawili huwashtua wageni. Fezi moja ikipotea, mota hunguruma bila kuzunguka na kuungua kwa dakika chache, hivyo hakikisha kuna kifaa cha kuikinga kwenye kila pampu kubwa na kwenye lifti. La pili ni hili: baada ya transfoma ya mtaa kutengenezwa, mpangilio wa fezi huweza kurudi umegeuka. Pampu inazunguka kinyume na kutoa maji dhaifu, kompresa inapiga kelele ya ajabu, na fundi anaanza kufungua mashine nzima. Angalia mzunguko wa feni kwanza. Ni dakika moja.

Jenereta ndiyo iliyonifundisha unyenyekevu. Kila Jumatatu nilikuwa napima betri zake, mbili za volti 12, na mita inanipa 25.4. Nikaandika "sawa" wiki baada ya wiki. Usiku mmoja stima ikapotea, ATS, ile swichi inayohamishia jengo kwenye jenereta yenyewe, ikatoa amri, na jenereta ikasema tk, tk, tk, kisha kimya. Nilipoweka mita tena huku msaidizi akibonyeza kitufe cha kuwasha, namba ikaporomoka hadi 15. Betri zilikuwa zimekufa ndani na chaja ilikuwa ikizivisha nguo tu. Betri ipimwe inapovutwa na mzigo, si ikiwa imelala. Na jaribio la jenereta lenyewe lifanywe na mzigo wa jengo, siku ya mapumziko kwa taarifa, kwani injini inayozungushwa bure kila wiki hujaza mafuta mabichi kwenye ekzosi yake. Unyevu wa pwani pia huingiza maji kwenye tangi la dizeli. Yanakaa chini, basi fungua tundu la chini uyamwage. Kuhusu kiasi cha dizeli, usihesabu ya muda wa saa mbili tu. Mwaka 2016 tumbili mmoja aliyeangukia transfoma kwenye kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru alitosha kuzima nchi, na usiku wa Ijumaa 25 Agosti 2023 karibu Kenya yote ilikosa stima, sehemu nyingi hadi siku ya pili. Weka ya usiku mzima na mchana wake.

Lifti, kwa ufupi: sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka ikaguliwe kila miezi 6 na mkaguzi aliyeidhinishwa, kwa hiyo omba uone cheti cha mwisho. Mtu akikwama, ongea naye, kata umeme wa lifti, kisha mwite fundi wake kama hukufunzwa kutoa watu. Mlango uliofunguliwa kwa nguvu kati ya ghorofa mbili umewaangusha watu shimoni. Kwa kazi yoyote ya umeme, breka ifungwe kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako mwenyewe, si kwa mlinzi.

Yanabaki yale ya mkataba, ambayo vijana huona haya kuyauliza. Simu ya usiku inalipwa vipi? Viatu, glavu na miwani ya usalama nani ananunua? Je, mwajiri amekukatia bima ya majeraha ya kazini, ile inayolazimishwa na sheria ya WIBA ya 2007? Na unakaa wapi? Ukikaa Likoni na jengo liko Moi Avenue, feri iko kati yako na bomba lililopasuka. Kubaliana mapema nani mwenye ufunguo wa chumba cha pampu anayekaa kisiwani, na umfundishe valvu mbili tu, ya tangi la juu na ya mfereji mkuu.

Mwisho, omba siku tatu za kutembea na fundi anayeondoka kabla hajaondoka, hata kama hazilipwi. Mwamkie vizuri, mnunulie chai, umwache aongee. Kisha mwulize ni kitu gani jengoni humo ambacho yeye huwa anakigusa kila siku bila kukiandika popote.