Saa ya kujiundia: lehemu pini mbili kwanza

Ukifungua kifurushi cha saa ya kielektroniki, mkono utakuwasha uanze na tarakimu (vioo vinavyoonyesha namba), maana ndizo zinazovutia. Ziache. Anza na vifaa vifupi, yaani rezista (vipunguza mkondo wa umeme), kisha soketi za chipu, ndipo kapasita (vihifadhi chaji). Ukitanguliza virefu, bodi ikigeuzwa vile vifupi havigusi meza, vinadondoka.

Soketi na tarakimu usizilehemu mguu baada ya mguu. Lehemu pini mbili tu za pembe zinazokabiliana, kisha geuza bodi uitazame kwa ubavu, usawa wa jicho. Upande mmoja ukiwa umeinuka, ibonyeze taratibu huku ukiyeyusha tena risasi ya pini ile (kidole kikae mbali na pini unayoipasha moto), nayo itashuka na kukaa sawa. Ukisubiri mpaka pini zote 16 zimeshika, kuinyoosha ni taabu tupu na unaweza kung'oa njia za shaba.

Kristali, kile kifaa kidogo kinachotetema kupima muda, ndiyo roho ya saa. Nyingi hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Chipu hugawa kwa mbili mara 15 hadi ibaki 1. Miguu yake ni myembamba sana, kwa hiyo ipashe moto sekunde mbili tatu tu. Saa ikija kukosea sekunde moja na kitu kwa siku usihangaike kulehemu upya: kosa la sehemu 20 kwa milioni, la kawaida kwa kristali hizi, hufika sekunde 1.7.

Chipu ipachike mwisho kabisa, baada ya kupima volti kwenye soketi tupu.