Somo: Tathmini ianze kabla bango halijachapishwa

Vikundi vingi vya afya hapa Nairobi hukumbuka tathmini pesa zikishaisha. Usipojua watu walikuwa wakifanya nini kabla ya kampeni, huwezi kudai wamebadilika. Tuchukue mfano wa kampeni ya kutibu maji ya kunywa katika mtaa wa Mukuru, kuzuia kipindupindu.

1. Sikiliza kwanza. Keti na wanaonunua maji ya mtungi, wanaoyauza na wahudumu wa afya ya jamii. Wakisema dawa ya maji (klorini) inanuka, bango la kuwatisha na kifo halitawafaa.

2. Jaribu ujumbe. Waonyeshe rasimu, wakueleze kwa maneno yao inasema nini. Ukiwauliza kama wameipenda, watakubali kwa heshima tu.

3. Pima hali ya mwanzo. Hapa usiharakishe. Ukiuliza, "Mnatia dawa?" kila mlango utakujibu ndiyo. Omba ruhusa upime maji yenyewe: kuna tembe za kupimia ambazo hugeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi. Nyumbani, tafuta angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita. Baada ya kampeni, rudia kipimo kile kile.

4. Kampeni ikiendelea, fuatilia kama matangazo yalisikika, na nani aliyasikia.

5. Tafuta eneo la kulinganisha. Tanzania ilipoanza mchezo wa redio Twende na Wakati, wa kuhimiza uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, mwaka 1993, Dodoma haikurushiwa hadi 1995, hivyo watafiti wakaweza kulinganisha. Bila ulinganisho, hutajua: hofu ya mlipuko pekee inaweza kubadilisha tabia, nawe ukajipa sifa.

MASWALI

Mwalimu, si ni vibaya kuwanyima wengine ujumbe kipindupindu kikiwa mtaani?
Ni vibaya sana, usifanye hivyo. Linganisha waliosikia na wasiosikia, lakini angalia kipato pia: mwenye redio huenda ndiye mwenye pesa ya dawa.

Maji ya bomba huja na klorini tayari. Tutajuaje ni sisi?
Swali zuri. Pima pia pale yanapochotwa, siku hiyo hiyo. Wanaochemsha, uwaandike kando, maana maji yao yanaweza kuwa salama bila klorini.

Tunahitaji kibali?
Kwa utafiti, ndiyo: kamati ya maadili kwanza, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti. Anzeni kuomba mkiwa bado kwenye hatua ya kwanza.