Tangazo la kripto likikataliwa, uanzie wapi

Kazi yangu ni kurusha matangazo ya Facebook na Instagram kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam: vitenge, vipodozi, viwanja vya Kigamboni, na siku hizi kripto, yaani sarafu za mtandaoni kama bitcoin. Wa vitenge hawanisumbui. Wa kripto ndio wanaopiga simu usiku: "Kaka, wamelikataa tena, hawa jamaa wana chuki na bitcoin."

Chuki hakuna. Meta, wenye Facebook na Instagram, hawapimi kama sarafu yako ni nzuri au mbaya. Wanachotaka kujua ni nani atakayeshikwa shati hela za watu zikipotea, na jina hilo kama si lako litakuwa lao.

Walijifunza kwa kuumia. Desemba 2017 bitcoin moja ilikaribia dola 20,000, na kila aliyekuwa na tovuti akatangaza sarafu yake mpya. Tarehe 30 Januari 2018 Facebook wakapiga marufuku matangazo yote ya aina hiyo. Google na Twitter wakafuata Machi. Wajanja wakaanza kuandika "bitc0in" yenye sifuri katikati ili mashine isiwashtukie. (Bado wapo. Msiniletee matangazo hayo.) Aprili mwaka huohuo Martin Lewis, Mwingereza anayewashauri watu mambo ya fedha, akaishtaki Facebook kwa sababu matapeli walikuwa wakitumia sura yake kwenye matangazo ya uwekezaji, bitcoin ikiwemo. Januari 2019 kesi iliisha kwa Facebook kukubali kutoa pauni milioni 3 kwa mradi wa kuwasaidia waliotapeliwa.

Kuna na jambo la kiufundi. Ukikosea namba kwenye M-Pesa, unapiga huduma kwa wateja na kuomba muamala urudishwe. Mara nyingine unarudi. Bitcoin ikishatoka haina wa kumpigia. Ndiyo maana tapeli anaipenda. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitoa hesabu Juni 2022: tangu mwanzo wa 2021 watu zaidi ya 46,000 waliripoti kutapeliwa kripto ya zaidi ya dola bilioni 1, na karibu nusu yao walisema ilianzia kwenye tangazo, posti au ujumbe wa mtandao wa kijamii. Ukiwa wewe ndiye mwenye mtandao huo, utakaza tu.

Sasa tufanye kazi, maana marufuku ile si ya jumla tena. Kabla hujaandika hata neno moja la tangazo, jibu swali hili: hela ya mteja inapita mikononi mwako? Kama unamnunulia sarafu, unambadilishia, unamkopesha kwa dhamana ya sarafu, au unauza mashine za kuchimbia (kompyuta za kuzalisha sarafu mpya), Meta watakudai kibali cha maandishi, na kibali hakitoki bila leseni au usajili wa mamlaka wanayoitambua. Desemba 2021 waliongeza leseni wanazozikubali kutoka 3 hadi 27. Pochi ya mtandaoni ya kuhifadhia sarafu tu, isiyonunua wala kuuza, haihitaji kibali. Habari, mafunzo na makongamano pia hayahitaji, mradi huuzi huduma ya kripto humohumo.

Hapa ndipo Watanzania wengi tunapokwama. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi si halali nchini. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, na mteja mmoja alinitumia risiti ya kodi akitaka niiambatanishe kwenye maombi. Risiti ya kodi si leseni, ndugu yangu. Wakenya walipata sheria yao Oktoba 2025, inayozipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni. Mwenye kampuni Nairobi anayo njia ya kufuata.

Ukiwa mwalimu wa kripto, tangaza darasa na uishie hapo. Andika mada, siku, ukumbi na ada kwa shilingi. Usiweke picha ya gari wala noti zilizotandazwa kitandani, na "faida kila siku" ifute kabisa. Halafu kagua ukurasa ambao tangazo linampeleka mtu, maana wakaguzi wanaufungua. Nimeona darasa safi likakataliwa kwa sababu chini kabisa ya ukurasa palikuwa na kiungo cha kujiunga na soko la sarafu, kile ambacho mwalimu analipwa kila mtu akijisajili. Kitoe. Usidhani utawaonyesha wakaguzi ukurasa mmoja na wateja mwingine. Mchezo huo ni wa matapeli, na ukikamatwa inakwenda akaunti nzima ya matangazo, pamoja na vitenge.

Wale wa magrupu ya Telegram ya signal, yaani vidokezo vya lini ununue au uuze sarafu, nanyi mnaulizia Google. Google hawaruhusu matangazo ya signal za kripto wala ushauri wa kuwekeza kwenye kripto, kwa hiyo hela yenu itunzeni. TikTok nao mwaka 2021 walizuia watu wenye wafuasi wengi kulipwa ili kuipigia debe kripto.

Likikataliwa na una hakika uko upande wa mafunzo, usilirushe upya lilivyo. Kukataliwa mfululizo kunaichafua akaunti. Rekebisha kwanza, kisha bonyeza sehemu ya kuomba lipitiwe upya. Penye nafasi ya maelezo, andika kwa ufupi: tunafundisha, hatuuzi sarafu, hatupokei fedha za uwekezaji, ada ni ya darasa tu. Hakikisha jina la biashara kwenye peji linafanana na lililoko BRELA, wakala wa usajili wa biashara, herufi kwa herufi.