Kutambua Faili za Programu Zinazojulikana kwa Heshi Zake

Fundi wa kompyuta anayepokea diski yenye maelfu kwa maelfu ya faili, iwe ni ya ofisi ya wilaya, ya shule au ya duka la Wandegeya, Kampala, ambako programu huhamishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, hawezi kuifungua kila faili na kuikagua. Njia thabiti ni kuzitenga kwanza zile zinazojulikana, yaani zilizokuja na mfumo endeshi na programu za kawaida, ili muda wake autumie kwa zinazobaki. Kinachoiwezesha kazi hiyo ni heshi.

Heshi ni namba inayokokotolewa kutokana na biti zote zilizomo ndani ya faili. Jina la faili, tarehe yake na folda ilimokaa havihusiki kabisa, hivyo aliyebadilisha jina la programu hajabadilisha heshi yake. Lakini akigeuza hata biti moja ya yaliyomo, heshi mpya haifanani na ya awali. Kuna kanuni kadhaa za kuikokotoa: heshi ya MD5 huandikwa kwa herufi na tarakimu 32, ya SHA-1 kwa 40 na ya SHA-256 kwa 64. Tumia SHA-256. Mwaka 2004 watafiti wa China walionyesha faili tofauti zenye MD5 moja, na mwaka 2017 watafiti wa Google na wa kituo cha CWI cha Amsterdam wakafanya hivyo kwa SHA-1. Heshi hizo za zamani bado zinafaa kwa upekuzi wa haraka, ila zisitegemewe pale ambapo huenda kuna mtu aliyekusudia kudanganya.

Usiiwashe kompyuta inayochunguzwa kwa mfumo wake yenyewe, kwa sababu mfumo ulioingiliwa unaweza kukuonyesha faili safi huku ukiificha iliyoharibiwa. Iwashe kwa flashi yenye mfumo endeshi wa Linux, au chomoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine, kisha uifungue kwa kusoma tu. Amri ifuatayo huandika heshi za faili zote, na orodha yenyewe huhifadhiwa nje ya diski hiyo:

find /mnt/diski -type f -exec sha256sum {} + > orodha.txt

Kwa faili moja katika Windows, amri ya PowerShell ni Get-FileHash ikifuatiwa na jina la faili. PowerShell huandika heshi kwa herufi kubwa ilhali sha256sum huandika kwa herufi ndogo. Thamani ni ileile, lakini programu ya kulinganisha inaweza kuziona kuwa tofauti, kwa hiyo zigeuze zote ziwe za aina moja kabla ya kuzilinganisha.

Rejea kubwa ya kulinganishia hutolewa bure na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, kupitia mradi wake uitwao NSRL. Ni hifadhidata ya gigabaiti nyingi, na kwa bei ya data ilivyo kwetu ni busara ipakuliwe mara moja mahali penye mtandao wa chuo au ofisi, kisha mafundi wagawiane kwa diski ya nje. Kwa faili chache unaweza kuuliza huduma ya mtandaoni ya hashlookup ya CIRCL, kituo cha usalama wa kompyuta cha Luxembourg. Tuma heshi tu, kamwe usitume faili ya mteja, kwa maana Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inalinda taarifa binafsi zilizomo ndani yake.

Hapa ndipo wengi hupotoka: NSRL haisemi kwamba faili ni salama. Inasema faili hiyo ni ipi na ilitoka kwenye programu gani, na miongoni mwa programu hizo zimo hata za kuficha ujumbe ndani ya picha. Vilevile, faili isiyopatikana humo si lazima iwe virusi. Nyaraka za mtumiaji na faili za mipangilio hutofautiana kutoka mashine moja hadi nyingine, na programu ya hesabu au ya matokeo ya wanafunzi iliyoandikwa Kampala haitarajiwi kuwamo. Kwa programu za namna hiyo, tengeneza orodha yako: isimike kutoka kwa mwandishi wake kwenye kompyuta safi, kokotoa heshi za faili zilizosimikwa, na kila toleo jipya lipewe orodha yake, kwa kuwa heshi ya faili ya usimikaji haitakusaidia kuzitambua faili inazozalisha.

Chanzo cha orodha nacho kihakikiwe. Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya mfumo endeshi wa Linux Mint na kuwaelekeza wapakuaji kwenye nakala yenye mlango wa siri. Mvamizi aliyefika hapo anaweza pia kubadilisha heshi iliyoandikwa ukurasa uleule. Pale mtengenezaji anapotoa saini ya kidijitali, ihakiki kwa ufunguo wake ulioupata kwa njia nyingine, kisha ulinganishe herufi zote 64, si chache za mwanzo na za mwisho.