Jinsi ya kulinganisha sura na kitambulisho getini

Nafundisha walinzi wa mageti na maghala hapa Mwanza, wengi wao Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, ambako malori ya dagaa yakianza kupakia kila mtu ana haraka. Mlinzi anapewa kitambulisho cha NIDA, anakitupia jicho, anafungua geti. Jirani yako utamjua hata kwa mbali, hata jua likiwa limezama. Sura ya mgeni ni kazi nyingine kabisa, nayo inadai akili yako yote.

Hatua ya 1. Acha mengine. Simu chini, daftari la wageni lisubiri. Mwaka 1998 Daniel Simons na Daniel Levin walichapisha jaribio la Marekani: mtu anamwuliza mpita njia aelekezwe mahali, watu waliobeba mlango wanapita katikati yao, na nyuma ya mlango huo muulizaji anabadilishwa. Takriban nusu ya walioulizwa waliendelea kumwelekeza mtu mpya bila kushtuka. Walikuwa wanamtazama, lakini fikra zao zilikuwa njiani.

Hatua ya 2. "Samahani kaka, naomba uvue kofia na miwani kidogo." Kisha inua kitambulisho kiwe wima, usawa wa uso wake. Usikisome kikiwa kimegeuka mezani: tangu utafiti wa Robert Yin wa mwaka 1969 inajulikana kwamba sura ikipinduliwa kichwa chini, kuitambua kunakuwa kugumu kuliko ilivyo kwa vitu vingine.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Kwa mtu tusiyemjua, jicho hukimbilia nywele na umbo la kichwa, na nywele ndizo zinazobadilika upesi: leo kasuka, kesho kavaa wigi, mwezi ujao kanyoa. Nywele zisikufanye umkubali wala umkatae. Shuka taratibu: nyusi, macho na nafasi iliyo kati yake, pua, mdomo, kidevu. Kila sehemu jiulize nini kinapingana na picha, maana anayetafuta mfanano tu hakosi kuupata. Malizia na makovu, madoa na masikio. Masikio wengi huyaruka, nami ndiyo ninayoyasisitiza zaidi, kwa sababu hayageuki mtu akicheka au akinuna.

Hatua ya 4. Kama mgeni atarudi na unataka kumkumbuka, jiulize kimoyomoyo: anaonekana mwaminifu? Watafiti wa saikolojia Bower na Karlin, mwaka 1974, waliona kwamba waliopima uaminifu wa sura walizikumbuka vizuri kuliko waliotaja tu kama ni mwanamume au mwanamke. Jibu lenyewe litupe, uso hauonyeshi tabia ya mtu. Swali linakulazimisha tu uutazame wote.

Hatua ya 5. Ukibaki na shaka, mwite mwenzako wa zamu na umkabidhi kitambulisho bila kumwambia ulichoona. Akishasema lake, sema lako. Mkitofautiana, mpe mgeni kiti kivulini, geti libaki limefungwa, na mpigie simu mwenyeji wake aje amtambue mwenyewe.